Kubadili Mpangilio wa Bolti za Magurudumu katika Pikapu Kuukuu: Yanayopasa Kujulikana Kabla ya Kumwita Fundi



Siku moja ya soko, katika mji mdogo wa mpakani ambako nilikuwa nikihudumu, gurudumu la nyuma la pikapu iliyosheheni ndizi lilichomoka gari likiwa mwendoni. Gari liliinama, likakwaruza lami hatua chache, kisha likasimama. Gurudumu halikusimama. Lilivuka barabara, likaruka mtaro na kumgonga mama aliyekuwa ameketi nyuma ya mafungu yake ya nyanya. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Dereva hakuwa amelewa, wala hakuwa akienda mbio. Alitoka garini akitetemeka, akarudia maneno yale yale: "Afande, juzi tu nimetoka gereji."

Alikuwa akisema kweli. Pikapu yake ilikuwa ya bolti tano kwa kila gurudumu, naye alitaka kuvalisha ringi za matundu sita, ambazo hupatikana kwa wingi zaidi masokoni. Fundi alimkatia bamba la chuma cha kawaida kwa moto wa gesi, akatoboa matundu matano ya kulifungia kwenye gari, kisha akachomelea bolti sita juu yake. Kwa macho, kazi ilipendeza. Siku ya tatu, bolti moja ilikatika kwenye kidonda cha kuchomelea, na nyingine zikafuata.

Tangu siku hiyo nimeombwa mara nyingi, na madereva wa pande zote za mpaka, nieleze kama kubadili mpangilio wa bolti za magurudumu ni kosa. Jibu langu ni kwamba kubadili peke yake si kosa. Hatari iko katika namna ya kubadili. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa utaratibu, ili mwenye gari ajue la kumwuliza fundi, na fundi naye ajue la kumkatalia mteja.

Mpangilio wa bolti ni nini

Kila gurudumu hufungwa kwenye kitovu, ambacho mafundi wengi hukiita habu. Kitovu kina bolti zilizojitokeza nje, na ringi hupachikwa juu yake kisha ikakazwa kwa nati. Mpangilio wa bolti hutajwa kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni idadi ya bolti. Ya pili ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti zote, kwa milimita.

Pikapu za Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee kwa kawaida zina bolti tano kwenye duara la milimita 114.3. Ndugu zao wanaosukumwa na magurudumu yote manne wana bolti sita kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser za kazi za mfululizo wa 70 zilikuwa na bolti sita za milimita 139.7 hadi mwaka 1999, zilipogeuzwa na kuwa na bolti tano kwenye duara la milimita 150. Land Rover za zamani, ambazo bado zipo vijijini kwetu, zina bolti tano kwenye duara la milimita 165.1.

Usishangazwe na nukta hizo. Vipimo hivyo vilianza kwa inchi: 114.3 ni inchi nne na nusu, 139.7 ni inchi tano na nusu, na 165.1 ni inchi sita na nusu.

Namna ya kupima

Kwa bolti nne au sita, kazi ni rahisi. Pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayoielekea upande wa pili. Kwa bolti tano, hakuna inayoielekea nyingine. Hapo pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 67.2, duara lako ni 114.3. Ukipata milimita 88.2, duara lako ni 150.

Pima kwa kipimo cha kalipa, si kwa kukisia. Tofauti ndogo ndiyo yenye hila kubwa. Ringi ya bolti tano za milimita 112, ambayo hupatikana kwenye magari kadhaa ya Ulaya, inaweza kulazimishwa kuingia kwenye kitovu cha milimita 114.3. Nati zitakaza, na dereva ataondoka akiwa ameridhika. Lakini kila bolti itakuwa imepindwa kidogo, na nati zitakuwa zimeegemea upande mmoja. Bolti iliyopindwa huchoka kidogo kidogo, na haitoi onyo.

Duara peke yake halitoshi. Yapo mambo mengine matatu ya kulinganisha. La kwanza ni tundu la kati la ringi, ambalo halina budi kulipokea kitovu. Ringi ya Hilux ya bolti sita ina tundu la takriban milimita 106, ilhali Land Cruiser ya bolti tano huhitaji takriban milimita 110. La pili ni unene na meno ya bolti. Hilux hutumia bolti za milimita 12 zenye hatua ya meno ya milimita 1.5, Nissan nyingi hutumia milimita 12 zenye hatua ya 1.25, Land Cruiser ya bolti tano hutumia milimita 14. Nati ya moja ikilazimishwa kwenye nyingine huharibu meno. La tatu ni umbo la nati. Ringi za chuma kwa kawaida huhitaji nati zenye ncha ya pia, ilhali ringi nyingi za aluminiamu za Toyota huhitaji nati zenye shingo na kikalio bapa. Nati isiyolingana na kikalio chake hulegea.

Kwa nini gurudumu halichomoki

Watu wengi hudhani kwamba mzigo wa gari huning'inia juu ya bolti, kama mfuko uningʼiniavyo juu ya msumari. Sivyo. Nati zinapokazwa ipasavyo, bolti huvutika kidogo kama mpira mgumu, nazo huibana ringi dhidi ya uso wa kitovu kwa nguvu kubwa mno. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo na kustahimili breki.

Ukilielewa hilo, utaelewa mengine yote. Kutu, rangi nene au uchafu kati ya ringi na kitovu hupunguza mbano. Uso usio bapa hupunguza mbano. Nati iliyolegea huufuta kabisa. Ringi huanza kucheza, bolti hupindwa huku na huko kila gurudumu linapozunguka, na mwisho hukatika. Ndiyo sababu gurudumu lenye bolti sita linaweza kuchomoka lote kwa ajili ya nati mbili zilizolegea.

Njia zilizopo za kubadili

Njia ya kwanza, na iliyo bora, ni kubadilisha vitovu au ekseli nzima kwa vile vilivyotengenezwa na kiwanda kwa mpangilio unaoutaka. Kwa mfano, mwenye Hilux ya bolti tano anaweza kutafuta ekseli ya nyuma ya bolti sita, pamoja na ngoma zake za breki. Hata hivyo, apime kwanza upana wa ekseli kutoka ngoma hadi ngoma, mahali pa kukalia springi, na namna shafti inavyofungwa. Ajue pia uwiano wa meno ya difu. Ukitofautiana na wa zamani, mwendo wa injini na usomaji wa kipimo cha kasi vitabadilika.

Mbele ndiko kwenye ugumu. Hilux nyingi za zamani zinazosukumwa na magurudumu manne zina ekseli nzima ya mbele yenye shafti ya kusukuma, ilhali zile zinazosukumwa nyuma zina mikono miwili kila upande na springi ya kujisokota. Kwa hiyo kitovu cha mbele cha moja hakiingii tu kwenye nyingine. Fundi akikuambia kwamba "vitaingia tu", mwombe akuonyeshe beringi mbili, ya zamani na mpya, na azipime mbele yako. Tena, ukibadili nyuma pekee, utakuwa na gari la bolti sita nyuma na tano mbele, na litakuhitaji tairi mbili za akiba. Wapo waliokwama usiku porini kwa sababu hiyo, wakafunga tairi lisilo lake kwa nati tatu ili wafike nyumbani. Hiyo ndiyo safari ambayo polisi tunaiogopa kuliko nyingine.

Njia ya pili ni kutoboa upya kitovu na ngoma au diski yake kwa mpangilio mpya. Kazi hii hufanywa kwenye karakana yenye mashine ya kukereza na kifaa cha kugawanya duara, wala si kwa keekee ya mkono. Masharti yake ni mawili. Uso wa kitovu uwe mpana kiasi cha kuacha chuma cha kutosha kuzunguka kila tundu jipya, na tundu jipya lisiingiliane na la zamani. Duara jipya likiwa kubwa kuliko uso wa kitovu chenyewe, njia hii imefungwa, hata fundi awe hodari namna gani.

Njia ya tatu ni bamba la kugeuzia, ambalo wengine huliita adapta. Bamba hilo hufungwa kwenye kitovu kwa nati za zamani, nalo lina bolti zake kwa ajili ya ringi mpya. Yapo mabamba mazuri yaliyochongwa kutoka chuma au aluminiamu iliyofuliwa, yenye ukingo wa kati unaoshika kitovu upande mmoja na ringi upande wa pili, na bolti zilizoshindiliwa, si kuchomelewa. Kwa pikapu ya mizigo, bamba jembamba halifai. Yale ya kutegemewa aghalabu huwa na unene wa milimita 25 au zaidi. Nati za ndani zizame kabisa chini ya uso wa bamba. Bolti za zamani zikichomoza, ringi haitakaa bapa, na mbano niliouelezea hautapatikana.

Bamba nalo lina gharama yake. Likiwa na unene wa milimita 30, kila gurudumu husogea nje milimita 30, na gari hupanuka milimita 60 kwa jumla. Mkono wa nguvu unaovuta beringi huwa mrefu zaidi, na beringi huchakaa mapema. Tairi linaweza kugusa bodi usukani ukikatwa hadi mwisho. Kwa sababu hiyo, mwenye kubeba mizigo mizito kila siku ninamshauri njia ya kwanza, au abaki na mpangilio wa kiwanda.

Yasiyokubalika kabisa

Usikubali bolti kuchomelewa, iwe kwenye kitovu au kwenye bamba. Bolti hizo ni za chuma kilichopikwa ili kiwe kigumu. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu huo, na mpasuko huanzia hapo hapo.

Usikubali matundu ya ringi kupanuliwa kwa tindo au kuburuzwa kwa moto wa gesi. Vivyo hivyo, usikubali kutoboa duara dogo kwenye ringi ya duara kubwa. Tazama hesabu yake: tundu la kati la ringi ya bolti sita ni milimita 106, na duara la bolti tano ni milimita 114.3. Katikati ya kila bolti itakuwa takriban milimita nne tu kutoka ukingo wa tundu la kati, ilhali nusu ya unene wa bolti ni milimita sita. Maana yake ni kwamba tundu jipya litaula ukingo wenyewe. Hapana chuma cha kushikilia kitu.

Usikubali kufunga ringi kwa nati chache kuliko bolti zilizopo, wala kufunga gurudumu kwa nati za aina mbalimbali.

Baada ya kazi kukamilika

Nati zikazwe kwa kuruka, kila moja ikifuatiwa na iliyo mbali nayo, kama mtu achoraye nyota, na kwa awamu mbili au tatu. Zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Kwa bolti za milimita 12 za Hilux, kiasi cha Nyutoni-mita 110 kinafaa, na kwa bolti nene zaidi fuateni kitabu cha gari. Kukanyaga spana kwa mguu au kuongezea bomba hakumaanishi uimara. Bolti iliyovutwa kupita kiasi hubaki imenyooka kama mpira uliochoka.

Gari litembee kilomita 50 hadi 100 bila mzigo, kisha nati zote zikazwe tena, za bamba na za ringi. Kagueni kama tairi linagusa bodi au mpira wa breki. Kama mmeweka tairi kubwa zaidi, kumbukeni kwamba kipimo cha kasi sasa kinadanganya. Tairi likiwa na mzingo mkubwa kwa asilimia 10, kipimo kikisoma kilomita 80 kwa saa, gari kwa hakika linakwenda 88. Na breki zile zile sasa zinasimamisha gurudumu kubwa zaidi.

Nafasi ya sheria na ya mpaka

Hapa Uganda, Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 hairuhusu gari lililo katika hali ya hatari kuendeshwa barabarani. Mwenye nia ya kubadili ekseli au vitovu aende kwa Mkaguzi wa Magari wa Polisi kabla ya kazi kuanza, na arudi kwake baada ya kazi kukamilika. Kadhalika ni busara kuiarifu kampuni ya bima kwa maandishi, kwa maana bima hupenda kuuliza maswali baada ya ajali kuliko kabla yake. Wale wavukao kwenda Tanzania, Kenya, Rwanda au Kongo wakumbuke kwamba maafisa wa upande wa pili nao wana haki ya kulikagua gari.

Liko jambo moja la pekee kwetu tuishio kando ya mpaka. Ringi, vitovu na ekseli zilizotumika huvuka Mutukula, Busia, Malaba na Mpondwe kila siku. Sehemu kubwa ni biashara halali. Baadhi, hata hivyo, hufunguliwa usiku kwenye gari la mtu mwingine. Ukinunua ekseli bila risiti, kwa bei isiyo na maelezo, unajiweka katika hatari ya kushikwa na mali ya wizi, na unampa mwizi sababu ya kurudi uani kwa jirani yako. Dai risiti yenye jina la muuzaji na mahali pake pa kazi, na kama imevuka mpaka, hati za forodha. Uliza pia ekseli imetoka kwenye gari gani. Swali hilo litakusaidia kiufundi na kisheria kwa pamoja. Upande wa usukani si hoja hapa, kwani duara la bolti ni lile lile, iwe gari lilitoka kwenye nchi ya kuendesha kushoto au ya kuendesha kulia.

Mambo machache ya kumwuliza fundi

Kabla hujatoa fedha, mwulize fundi wako: Duara la zamani ni la milimita ngapi, na jipya ni la ngapi? Tundu la kati linalingana? Nati ni za meno gani na umbo gani? Kuna mahali popote patakapochomelewa? Una spana ya kupimia nguvu? Fundi ajuaye kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Akichukizwa, umepata jibu lako.

Na ukijumlisha gharama ya ekseli, vitovu, ringi na kazi, huenda ukagundua kwamba kusubiri wiki mbili ili upate ringi za matundu matano zilizo nzima ni nafuu zaidi. Ushauri huo hauna mvuto gerejini, lakini ndio nimpao ndugu yangu wa damu.

Yule mama wa nyanya alirudi sokoni baada ya miezi mingi, akitembea kwa fimbo. Dereva aliiuza ile pikapu ili alipe sehemu ya matibabu. Wote wawili ni majirani hadi leo, nao husalimiana. Hakuna kati yao aliyekusudia ubaya, wala fundi hakukusudia. Bamba lile liligharimu fedha kidogo na jioni moja ya kazi.

Ukiona gurudumu la gari lolote linayumba, au nati zimepungua, mwarifu dereva kwa upole bila kuona haya. Akikataa kusimama, tupigie simu 999 au 112, au fika kituo chochote cha polisi kilicho karibu nawe. Na mwenye mashaka juu ya gari lake mwenyewe alilete likaguliwe kabla halijapakia mzigo. Tutalitazama pamoja.